Mkia Mwepesi Usiovunjika



Juma lililopita tuliachia kwenye bawa. Vikundi vitatu vimekwisha kutuletea habari kwamba mabawa yamekauka vizuri na watoto wanauliza ndege itaruka lini. Bado kidogo. Juma hili tunafanya mkia, na tunaomba tusiufanye mbiombio. Bawa likizidi gramu mbili au tatu, ndege itaruka tu. Mkia ukizidi gramu hizo hizo, ndege yote inabadilika, na mtoto aliyefanya kazi siku tano anaiona ikichoma pua ardhini mara ya kwanza tu. Tumeona watoto wakiacha kabisa kwa sababu hiyo. Wanasema: haya mambo si ya sisi, ni ya watu wenye mashini. Kumbe mashini haikukosekana. Kilichokosekana ni hesabu ya mkia.

Mama mmoja wa kikundi cha kushona alituuliza, na hakuuliza kwa ubaya: mtoto wangu anaanguka kwenye hesabu, mbona nimwache apoteze siku za posho na vijiti? Mama, jibu letu ni kwamba hesabu yenyewe iko ndani ya vijiti. Tuifanye pamoja, utaona.

Ndege yetu ina bawa la santimetri 60 kwa 10. Ukizidisha unapata santimetri za mraba 600. Mkia una vipande viwili. Kuna kipande cha kulala, ambacho kazi yake ni kuzuia pua isipande na isishuke ovyo, na kuna kipande cha kusimama, ambacho kinazuia ndege isipinde kushoto na kuume kama pirogi iliyokosa kasia nyuma. Kwa ndege ya namna hii, kipande cha kulala kiwe karibu robo ya bawa. Robo ya 600 ni 150, kwa hiyo tunakata santimetri 25 kwa 6. Kipande cha kusimama kinatosha kikiwa na kimo cha santimetri 8 na upana wa 6.

Sasa uzito. Ndege inapaswa kukaa sawa kwenye kidole pale chini ya bawa, mahali pa mizani. Kutoka pale mpaka katikati ya mkia ni santimetri 36. Kutoka pale mpaka puani, tunapobandika udongo wa mfinyanzi, ni santimetri 12. Kila mama aliyemwona mtoto mnene na mtoto mwembamba wakicheza juu ya ubao wa bembea anajua kinachofuata: aliye mbali anashinda. Mkia uko mbali mara tatu kuliko pua. Kwa hiyo gramu moja mkiani inadai gramu tatu puani.

Tuseme mtoto mmoja amefanya kipande cha kulala cha gramu 4 na jirani yake amefanya cha gramu 10. Tofauti ni gramu 6, kitu kidogo, hata mkononi huisikii. Lakini gramu 6 zinadai gramu 18 za udongo puani. Jumla ni 24. Ndege ambayo ingekuwa na gramu 50 sasa ina gramu 74. Ndege nzito lazima iende mbio zaidi ili hewa iibebe, na kwa uzito huu mbio inazidi kwa karibu moja ya tano. Sasa ina uzito zaidi na mbio zaidi kwa pamoja, kwa hiyo nguvu ya kugonga ardhi inapita mara mbili. Gramu sita tu! Mpe mtoto anayechukia hesabu afanye hii kwenye kaye yake, na hapo hutasikia akiuliza kuzidisha kunafaa nini.

Hii habari ya mkia si mpya. Mwaka 1871, tarehe 18 Agosti, kijana Mfaransa wa miaka 21, Alphonse Pénaud, alirusha ndege ndogo ya kusukumwa na mpira uliosokotwa, pale Paris katika bustani ya Tuileries. Ilikwenda mita 40 hivi kwa sekunde 11, peke yake, bila mtu wa kuiongoza, kwa sababu alikuwa ameiwekea mkia mdogo nyuma ya bawa na kuupa mwinamo wake. Ndege yote, na mpira ndani yake, ilikuwa na gramu 16. Tunarudia: yote, gramu 16. Mara nyingi tunapofika nyumbani kwa watoto tunakuta mkia peke yake una zaidi ya hizo, umekatwa kwenye triplexi iliyobaki kwa fundi. Triplexi ya milimetri 3, kwa ukubwa wetu wa 25 kwa 6, ina gramu kama 27. Hiyo hatuihesabu hata. Iwe mlango wa nyumba ya kuku.

Basi mbao gani? Katika vitabu vya Ulaya na Marekani wanasema balsa, mti unaotoka hasa Ecuador, mwepesi sana. Santimetri kube moja ina gramu kama 0,16. Hapa kwetu huikuti butiki, na hatutaki mtu aingie deni kuitafuta. Tunao kombokombo, ule mti ambao Wafaransa wanauita parasolie kwa sababu majani yake yamefunguka kama mwavuli. Walio Shabunda, Walikale na Kisangani wanaujua vizuri, unaota wa kwanza pale shamba la msituni lilipoachwa. Mbao yake ina gramu 0,2 mpaka 0,3. Kaliptusi, ambayo imejaa huku kwetu milimani, ina uzito wa mara mbili au tatu ya hapo. Asiye na ndugu wa kumletea kipande cha kombokombo asikate tamaa: ndani ya shina la jani la rafia kuna moyo mwepesi ambao watoto wa msituni wanafanyia magari na ndege tangu zamani, na mianzi iko kila mahali.

Mwanzi ni mzito, ni kweli, lakini una nguvu sana hata ukiwa mwembamba kama uzi wa kikapo. Wale wa kwanza kufanya ndege ndogo, kabla ya balsa kuenea, walitumia sana mianzi. Siri yake iko kwenye ngozi ya nje. Pasua mwanzi, ondoa ile nyama laini ya ndani, bakiza upande wa ngozi tu, ukwangue mpaka ubaki milimetri 2 kwa 1. Usikate kwa msumeno. Pasua. Kitu kilichopasuliwa kinafuata nyuzi zake tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini msumeno unakata nyuzi bila kuuliza, na kijiti kitavunjika pale pale nyuzi zilipokatika. Wamama wanaopasua kuni hawahitaji mwalimu kwa jambo hili. Hata kwa kombokombo, kama kipande kinakubali kupasuka kikiwa kimenyooka, pasua.

Na sasa neno ambalo tungependa liandikwe ukutani. Nguvu haitoki kwenye wingi wa mbao. Chukua late ya masomo, ile ya mbao ya santimetri 30. Ilaze, ipinde: inapinda kirahisi. Isimamishe kwa ubavu, ipinde tena: inakataa. Ni late ile ile, uzito ule ule. Kitu kikiongezwa unene mara mbili, uzito unaongezeka mara mbili, lakini ugumu wa kukipinda unaongezeka mara nane. Ndiyo maana ubao mwembamba uliojaa una hasara mara mbili: ni mzito na bado unapinda. Afadhali vijiti vya milimetri 3 kwa 3 vikizunguka ukingo, na katikati patupu, halafu karatasi juu na chini. Lungo la kupepetea mchele linafanyaje? Ukingo una nguvu, katikati ni utando tu.

Umbo la pembe nne peke yake ni dhaifu. Mwambie mtoto afunge vijiti vinne kwa uzi kwenye pembe, asukume upande mmoja: vinalala vyote. Aongeze kimoja cha mshazari, kutoka pembe mpaka pembe: havilali tena. Fundi anayepandisha paa la nyumba ya mbao anajua hiyo, ndiyo maana juu ya ukuta hutaona pembe nne tupu, utaona pembe tatu tupu. Mkia unaweza kuwa umenyooka mezani, lakini ukipata jua au umande unajikunja kama jani la ndizi juu ya moto, na mkia uliojikunja unapeleka ndege pembeni hata kama bawa ni zuri. Vijiti vya mshazari ndivyo vinavyozuia kujikunja huko. Vijiti vilivyonyooka vya mbele kwenda nyuma havizuii vizuri.

Mnachora kwanza mkia kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili. Mnaweka karatasi juu ya ubao laini au kartoni nene, na juu yake sashe nyeupe iliyokatwa, ili kole isishike mchoro. Kijiti cha mbele, kijiti cha nyuma, viwili vya ncha. Katikati vijiti viwili vilivyoachana kwa santimetri 1, kwa sababu pale ndipo mgongo wa ndege utakapokaa na pale ndipo mkia unapovunjika. Kila upande, vijiti viwili vya mshazari vinavyofanya herufi V, na kijiti kimoja cha kunyooka katikati ya V kama mnaona karatasi itakuwa na nafasi kubwa mno. Vyote vishikiliwe na pini za mshonaji zilizowekwa pembeni ya kijiti, kulia na kushoto. Pini ikipita katikati ya kijiti cha milimetri 3 umekwisha kukipasua.

Ncha ya kijiti inakunywa kole kama vile udongo mkavu unavyokunywa maji. Mtoto anapaka tone, anaunganisha, kesho kiungo kinaachia, anasema kole ni mbovu. Paka tone dogo kwanza kwenye ncha, ungoje dakika tano liingie, halafu paka tone jingine na kuunganisha. Kole nyeupe ya mbao inatosha kabisa. Pembe nne za nje na pale katikati tunatia vipembe vidogo vya mbao nyembamba, vya santimetri 1, na nyuzi zake zipite mshazari zikivuka kiungo. Kipembe ambacho nyuzi zake zinakwenda sambamba na kiungo hakisaidii kitu, kitapasuka pamoja nacho. Uzito wake ni karibu sifuri. Acheni yote kwenye pini usiku mzima, si saa moja. Hapa watoto watawasumbua.

Wakitaka mkia wa mviringo, ule unaopendeza, msikate duara kwenye ubao, maana kuna mahali nyuzi zitakuwa fupi na patavunjika. Fanyeni kama ukingo wa kikapo. Vipande viwili au vitatu vya mbao ya milimetri 1, vilowe maji ya vuguvugu kwa robo saa, vipakwe kole, vizungushwe juu ya umbo la kartoni lililopakwa nta ya buji pembeni, vifungwe na kukauka mpaka kesho. Nyuzi zinafuata mviringo wote na ukingo huo unashinda ubao wowote. Mwanzi wenyewe hauhitaji hata kole, unausogeza juu ya ndimi ya buji polepole, ukisikia umelegea unaupinda, unaushika mpaka upoe, na umbo linabaki. Wasukaji wa vikapo katika vikundi vyetu wamewafundisha watoto hii kuliko sisi tulivyoweza.

Tuseme neno juu ya mikono, maana tuliliona siku ya posho iliyopita katika parseli tatu tofauti. Wembe ulikuwa mikononi mwa wavulana, na wasichana walikuwa wamepewa ufagio na kazi ya kushika karatasi. Hakuna aliyepanga hivyo, ilitokea tu. Lakini ikitokea mwaka wa sita, itatokea pia wakati wa kuchagua seksio ya ufundi au ya sayansi, na tutauliza mbona wasichana hawaingii. Tunaomba kila kikundi kigawe kazi kwa kaye: nani anakata, nani anaunganisha, nani anapima, na wabadilishane. Kule Marekani kulikuwa mama mmoja, Susan Koerner Wright, binti wa fundi wa magari ya farasi. Alikulia ndani ya atelie ya baba yake, akasoma pia koleji, akajua mbao na vyombo kuliko bwana wake ambaye alikuwa mtu wa kanisa. Aliwafanyia watoto wake vitu vya kuchezea, hata gari la kuteleza juu ya theluji, na watoto walipokwama kwenye kazi ya mikono walimfuata yeye. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kichezeo kidogo cha namna ile ya Pénaud, cha mianzi, karatasi na mpira, chenye kupanda hewani. Wavulana hao ni Wilbur na Orville. Susan alikufa 1889 kwa kifua kikuu, hakuona tarehe 17 Desemba 1903 wanawe walipopanda hewani na mashini yao. (Wao, jambo la kuchekesha, kipande cha kulala walikiweka mbele ya bawa, si nyuma, na ndege yao ilikuwa ngumu kuiongoza. Watoto wakiwauliza kama inawezekana, jibuni ndiyo, lakini sisi tubaki nyuma.)

Wembe mzima hatumpi mtoto. Uvunjwe katikati ukiwa ndani ya karatasi yake, upande wa kushika ufungwe skochi mara tatu, na kila jioni mama mwenye kikundi ahesabu nyembe alizotoa na alizopokea. Kama ametoa nne na amepokea tatu, hakuna anayeondoka. Kuna mdogo anayetambaa katika kila parseli.

Na kole ya viatu, ile ya kopo yenye harufu kali, isiingie kabisa. Inashika mbao, hatukatai. Lakini wamama mnajua ni watoto gani wa mjini wanatembea na kopo hilo ndani ya shati na wanalinusia nini. Hatutaki mtoto wa miaka tisa aizoee harufu hiyo kwa mkono wa mwalimu. Ile kole ya kushika mara moja, ya kichupa kidogo, nayo inaunganisha vidole na ikirukia jicho ni mbio za hospitali, na zaidi inakauka kama kioo: mkia ukigonga, kiungo kinaruka. Kole nyeupe inachelewa, ndiyo, na kuchelewa huko kunawapa watoto nafasi ya kunyoosha kile walichokipindisha.

Karatasi. Ile ya fotokopi imeandikwa gramu 80 kwenye ramu, maana yake mita moja ya mraba ina gramu 80. Mkia wetu juu na chini unataka santimetri za mraba 300, hiyo ni gramu 2,4, zaidi ya nusu ya uzito wote tunaoutaka. Tafuteni ile karatasi laini inayofungia viatu vipya ndani ya boksi. Wenye butiki wanaitupa. Hiyo ni kama gramu 20 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mkia unachukua 0,6 tu. Kuibandika, uji mzito wa unga wa muhogo unatosha na haununuliwi, ila uwe umechujwa na upakwe mwembamba. Kabla ya kubandika pitisheni karatasi ya msasa juu ya vijiti, taratibu, mpaka kidole hakikuti kiungo. Bandika upande mmoja, geuza, bandika wa pili saa ile ile. Ukibandika mmoja leo na mwingine kesho, ule wa kwanza utavuta mbao upande wake usiku, na asubuhi mkia una umbo la kijiko.

Karatasi ikikauka, nyunyizieni maji kidogo kwa ncha za vidole, kama mnavyonyunyizia shati kabla ya pasi. Rudisheni mkia juu ya ubao, uzito wa vitabu kwenye ukingo, hewa ipite chini kwa vijiti vidogo. Mikunjo inakwisha yenyewe, karatasi inakaza kama ngozi ya ngoma. Ngoma hiyo ndiyo inamalizia nguvu: utando uliokazwa pande mbili unazuia vijiti visicheze. Mwisho, kwa ajili ya umande wa asubuhi, tabaka moja la verni ya kucha isiyo na rangi, iliyoongezewa maji ya kutolea verni mpaka iwe nyepesi. Tabaka moja, wamama, si tatu. Inang'aa ndiyo, lakini kila mng'ao una gramu yake. Ifanyike nje, mbali na mbabula, kwa sababu verni hiyo inashika moto kama petroli.

Wanaotaka ubao mmoja uliojaa bila kujenga kiunzi, kwa watoto wadogo kabisa, wanaweza, ila uwe wa kombokombo wa milimetri 2 na nyuzi ziende kwa urefu wa zile santimetri 25. Kwa kipande cha kusimama nyuzi zisimame. Kila juma tunakuta kimoja ambacho nyuzi zimelala upande usio wake, na kinavunjika kabla ya kufika uwanjani. Ubao huo utakuwa na gramu 6 au 9, kwa hiyo hesabu yake ya udongo iko juu.

Kupima tunahitaji mizani, na wafanyabiashara wa dhahabu hawatatuazima ya kwao. Ning'inizeni late kwa uzi katikati yake. Ncha moja, kwa uzi, kifuniko cha bidoni kikiangalia juu. Ncha nyingine, jiwe dogo au udongo mpaka late ilale sawa. Sasa ongezeni mkia upande wa jiwe, kwa uzi, kwenye ncha ile ile, na tieni maji ndani ya kifuniko kwa seringi ya dawa isiyo na sindano. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Late ikilala sawa tena, someni seringi: mmetia 4, mkia una gramu 4. Kila mtoto aandike ya kwake. Kipande cha kulala kisipite 4 na nusu, cha kusimama kisipite 1 na nusu. Aliyepita asilie, achukue msasa apunguze kingo za mbele na nyuma ziwe mviringo, au atoe kijiti kisicho na kazi. Huwa kipo.

Jaribu la mwisho ni la mkono. Shikeni ncha mbili za kipande cha kulala kwa vidole viwili viwili, mkisokote taratibu kama mnakamua kitambaa kidogo. Kikirudi chenyewe, kizuri. Kikibaki kimesokotwa, kuna mshazari ulioachia kole, utafuteni.

Kipande cha kusimama kinapakwa kole juu ya cha kulala, katikati kabisa, na vipembe viwili chini yake. Lakini mkia wote msiubandike kwenye mgongo wa ndege. Ufungeni kwa raba. Kateni mpira wa ndani wa kinga iliyokufa, vipete vyembamba vya milimetri 2, na viwili vinatosha, vikivuka kwa namna ya msalaba. Ndege ikigonga mti, mkia unaruka pembeni na kubaki mzima, badala ya kuvunjika pale pale. Na tena, raba inawaruhusu kuingiza kijiti cha kiberiti au kipande cha kartoni chini ya ukingo wa nyuma au wa mbele wa kipande cha kulala, kubadilisha mwinamo kidogo kidogo, jambo ambalo tutalihitaji sana uwanjani.

Siku ya posho ijayo kila kikundi kije na bawa, mkia, mgongo, udongo wa mfinyanzi kiasi cha ngumi ya mtoto, na kaye yenye uzito wa kila kipande ulioandikwa. Tutaanza saa mbili asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kama kuna mvua, tutahamisha kwa juma linalofuata, na mikia ikae ndani, imelazwa chini ya vitabu.